Banting: Mtoto wa mkulima aliyewarudishia uhai watoto wenye kisukari

Kila ifikapo Novemba 14, dunia huadhimisha Siku ya Kisukari. Hospitali hupima watu bure, wataalamu huzungumza redioni, na wengi wetu husikia ushauri uleule wa kupunguza sukari na kufanya mazoezi. Lakini wachache hujiuliza kwa nini ikachaguliwa tarehe hiyo. Ni siku aliyozaliwa daktari mmoja wa Canada, Frederick Banting, aliyefariki mwaka 1941.

Leo safu hii inasimulia maisha yake kwa sababu moja. Wazazi wengi wenye mtoto anayechomwa insulini huuliza swali lilelile: “Mwanangu sasa ana nguvu, anacheza, anasoma. Je, tunaweza kuacha sindano?” Ukiyafahamu maisha ya Banting, na kazi ambayo insulini hufanya mwilini, jibu utalipata mwenyewe.

Shambani hadi vitani

Banting alizaliwa mwaka 1891 karibu na mji mdogo wa Alliston, katika jimbo la Ontario. Baba yake alikuwa mkulima na yeye alikuwa kitinda mimba. Shuleni hakuwa na makali ya pekee. Alipoingia Chuo Kikuu cha Toronto, wazazi wake walitamani awe mchungaji, lakini mwaka wake wa kwanza ulimwendea vibaya. Mwaka 1912 akahamia masomo ya udaktari.

Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, wanafunzi wa udaktari waliharakishiwa masomo ili wakahudumie majeruhi. Banting alihitimu mwishoni mwa mwaka 1916 akapelekwa Ulaya. Mwaka 1918, katika mapigano ya Cambrai nchini Ufaransa, kipande cha bomu kilimjeruhi mkononi. Aliendelea kuwatibu wenzake saa nyingi huku yeye mwenyewe akivuja damu, na baadaye alitunukiwa nishani ya ushujaa.

Aliporudi nyumbani alipata mafunzo ya upasuaji katika hospitali ya watoto ya Toronto, lakini hakupewa ajira ya kudumu. Julai 1920 akafungua chumba cha matibabu katika mji wa London, ule ulioko Ontario, si wa Uingereza. Wagonjwa hawakuja. Mwezi wa kwanza aliingiza dola 4 tu. Ili apate riziki, akaomba kazi ya muda ya kufundisha katika chuo kikuu cha mji huo.

Kazi hiyo ndiyo iliyobadilisha maisha yake, na ya mamilioni ya watu wengine.

Ugonjwa uliokuwa hukumu ya kifo

Kwanza tujue hali ilivyokuwa. Wakati huo mtoto aliyepata kisukari hakuwa na dawa. Alikunywa maji bila kushiba, alikojoa usiku kucha, alikonda siku hadi siku, na mwishowe alipoteza fahamu na kufa. Tiba pekee iliyoonekana kusaidia ilikuwa kumnyima chakula. Daktari wa Marekani, Frederick Allen, alikuwa akiwawekea wagonjwa mlo mdogo kiasi kwamba sukari isipande. Baadhi yao waliishi mwaka mmoja au miwili zaidi, lakini wakiwa mifupa na ngozi. Mzazi alilazimika kuchagua kati ya kumwona mwanawe akifa kwa sukari au akifa polepole kwa njaa.

Madaktari walikuwa na fununu kuhusu chanzo. Mwaka 1869 mwanafunzi wa Ujerumani, Paul Langerhans, aliona ndani ya kongosho vikundi vidogo vya seli vilivyotawanyika kama visiwa baharini. Mwaka 1889 wataalamu wawili, Oskar Minkowski na Joseph von Mering, walimtoa mbwa kongosho, na mbwa huyo akapata kisukari. Ikawa wazi kwamba kongosho hutoa kitu fulani kinachodhibiti sukari. Lakini kila aliyejaribu kukitoa kitu hicho ili akitumie kama dawa alishindwa, au alipata mchanganyiko uliomdhuru mgonjwa.

Usiku wa Oktoba 30 kuamkia 31, mwaka 1920, Banting alikuwa akijiandaa kufundisha kuhusu namna mwili unavyotumia sukari. Alisoma makala ya daktari aitwaye Moses Barron, iliyoeleza kwamba mirija ya kongosho ikiziba, seli zinazotengeneza juisi ya kumeng’enya chakula hunyauka, lakini vile visiwa hubaki. Banting hakupata usingizi. Aliwaza kwamba huenda juisi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiharibu kitu kinachotafutwa. Akaamka usiku wa manane na kuandika wazo lake kwenye daftari: afunge mirija, asubiri, kisha achukue kilichobaki visiwani.

Chumba cha joto na mbwa wengi

Alikwenda Toronto kumwona Profesa John Macleod, Mskoti aliyekuwa bingwa wa masuala ya sukari mwilini. Macleod hakuvutiwa sana. Mbele yake alikuwa na daktari wa upasuaji asiye na uzoefu wa utafiti, na aliyesoma machache kuhusu kazi zilizotangulia. Hata hivyo, alimpa maabara kwa majira ya kiangazi, mbwa kadhaa, na mwanafunzi wa miaka 22 aitwaye Charles Best awe msaidizi wake.

Kazi ilianza Mei 17, 1921. Kilikuwa kiangazi cha tabu. Banting hakulipwa mshahara, chumba kilikuwa cha joto kali, na mbwa wengi wa mwanzo walikufa. Lakini mwishoni mwa Julai walimchoma mbwa mwenye kisukari maji yaliyotolewa kwenye kongosho, na sukari katika damu yake ikashuka. Walirudia tena na tena. Mbwa mmoja waliyempa jina la Marjorie aliishi takribani siku 70 bila kongosho, akitegemea dawa yao.

Baadaye iligundulika kwamba hakukuwa na haja ya kufunga mirija. Dawa ingeweza kutolewa kwenye kongosho la ng’ombe wa machinjioni kwa kutumia pombe kali. Wazo lililomnyima Banting usingizi halikuwa sahihi kabisa, lakini lilimfikisha mlangoni. Desemba 1921 alijiunga nao mtaalamu wa kemia, James Collip, ambaye kazi yake ilikuwa kuisafisha dawa hiyo ifae kwa binadamu.

Januari 1922

Katika Hospitali Kuu ya Toronto alilazwa mvulana aitwaye Leonard Thompson. Alikuwa na uzito wa kilo 30 hivi, amedhoofu kwa kisukari na kwa mlo wa njaa. Januari 11, 1922, alichomwa dawa iliyotengenezwa na Banting na Best. Sukari ilishuka kidogo, lakini dawa ilikuwa na uchafu na pale alipochomwa pakapata jipu. Wakasitisha.

Collip alifanya kazi usiku na mchana. Baada ya siku 12, Januari 23, Leonard alichomwa dawa iliyosafishwa. Safari hii sukari ilishuka hadi karibu na kiwango cha kawaida, na sumu ya ketoni ikatoweka kwenye mkojo wake. Nguvu zikaanza kurudi. Leonard aliishi miaka 13 zaidi, akitegemea sindano, hadi alipofariki kwa nimonia mwaka 1935.

Agosti mwaka huohuo aliletwa kwa Banting binti wa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Elizabeth Hughes. Alikuwa anakaribia kutimiza miaka 15, lakini baada ya miaka kadhaa ya mlo wa njaa alikuwa na uzito wa kilo 20 tu. Banting alianza kumchoma insulini na kumruhusu kula. Wiki chache baadaye mwili ulianza kujaa. Elizabeth alikua, akasoma, akaolewa, akazaa watoto watatu, na akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 73.

Insulini hufanya nini hasa?

Banting aliona sukari ikishuka, lakini hakujua ni kwa njia gani. Jibu lilikuja miongo mingi baada ya kifo chake, na ndilo linalomhusu kila mgonjwa wa leo.

Mwili wako umejengwa kwa seli zisizohesabika, na seli hizo huishi kwa kupeana ujumbe. Insulini si sabuni ya kuosha sukari kwenye damu. Ni mjumbe. Ukimaliza kula, sukari hupanda kwenye damu, na seli za visiwa vya kongosho hutoa insulini. Mjumbe huyu husafiri kwenye damu hadi kwenye seli za misuli, mafuta na ini. Hapo hupiga hodi kwenye kitu kiitwacho kipokezi, ambacho ni protini iliyopenya ukuta wa seli, upande mmoja ukiwa nje na mwingine ndani. Ilikuwa mwaka 1971 ndipo wanasayansi walipoweza kukipima kipokezi hicho waziwazi.

Insulini yenyewe haihitaji kuingia ndani ili ifanye kazi hiyo. Ikigusa kipokezi upande wa nje, upande wa ndani huamka na kuiamsha protini iliyo jirani. Hiyo nayo huamsha nyingine, na nyingine tena, kama watu waliopanga mstari wakipeana ndoo za maji kuzima moto. Ujumbe ukifika mwisho wa mstari katika seli ya misuli, milango ya sukari iliyokuwa imehifadhiwa ndani husogezwa hadi ukutani. Sukari huingia na kutumika kama nishati. Kwenye ini, ujumbe huohuo husema: sasa acha kutengeneza sukari, weka akiba.

Katika kisukari cha aina ya kwanza, ambacho huwapata zaidi watoto na vijana, kinga ya mwili huziharibu seli zinazotengeneza insulini. Hakuna wa kupiga hodi. Damu imejaa sukari lakini seli zina njaa, na hapo ndipo msemo wetu wa penye miti hakuna wajenzi unapotimia. Ini, kwa kuwa halijasikia amri ya kuacha, huendelea kumwaga sukari. Mwili huanza kuyeyusha mafuta yake na kutoa ketoni, ambazo zikizidi huifanya damu kuwa na asidi na humpeleka mgonjwa kwenye kupoteza fahamu.

Katika kisukari cha aina ya pili, ambacho huwapata zaidi watu wazima, mjumbe yupo, pengine hata kwa wingi, lakini wa ndani wamekuwa wazito wa kusikia. Mafuta yanapojazana kwenye ini na misuli, wale wa kwenye mstari huacha kupokezana ndoo vizuri. Kongosho hupiga kelele zaidi kwa kutoa insulini nyingi zaidi, na baada ya miaka huchoka.

Ndiyo maana tiba hutofautiana. Wa aina ya kwanza hana budi kuletewa mjumbe kutoka nje, yaani insulini. Hakuna kidonge, mzizi wala mlo unaoweza kushika nafasi yake. Wa aina ya pili husaidiwa na kupunguza uzito na kwa dawa kama metformini, ambayo hulizuia ini lisimwage sukari nyingi. Kufanya mazoezi nako kuna siri yake: misuli inapofanya kazi huisogeza milango ya sukari ukutani kwa njia nyingine, bila kungoja hodi ya insulini. Na kongosho likichoka, huyu naye huhitaji sindano. Hilo halimaanishi kwamba amefika mwisho wa maisha, wala kwamba daktari amemkatia tamaa.

Dola moja, tuzo na ndege

Turudi kwa Banting. Yeye na wenzake wangeweza kutajirika. Badala yake, Januari 1923, Banting, Best na Collip waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto hataza ya insulini kwa dola moja kila mmoja, ili mtu yeyote asiihodhi dawa hiyo. Inasikitisha kwamba miaka mia moja baadaye bado wapo wazazi duniani wanaoshindwa kununua chupa moja.

Oktoba 1923 ikatangazwa kwamba Banting na Macleod wamepata Tuzo ya Nobel. Banting hakuwa ametimiza hata miaka 32, na hadi leo hakuna aliyeipata tuzo ya tiba akiwa na umri mdogo kuliko yeye. Lakini alikasirika. Alikuwa mtu wa hasira za haraka, na aliamini kwamba Macleod hakustahili na kwamba Best ameachwa nje. Akamgawia Best nusu ya fedha zake. Macleod naye akamgawia Collip. Ukweli ni kwamba bila mmoja wao kazi isingekamilika: mmoja alikuwa na wazo na ukaidi, mwingine mikono, mwingine elimu ya kemia, mwingine maabara na uzoefu.

Baada ya hapo Banting hakuwahi kufanya ugunduzi mwingine mkubwa kama ule. Alipenda kuchora picha za theluji na vijiji vya Canada. Vita Kuu ya Pili ilipoanza alirudi jeshini, akashughulika na utafiti wa afya za marubani. Februari 1941 ndege ya kijeshi iliyokuwa ikimpeleka Uingereza ilianguka Newfoundland. Rubani alipona. Banting alifariki kwa majeraha, akiwa na miaka 49.

Jibu la swali la mzazi

Mwaka 1925, alipokwenda Stockholm kutoa mhadhara wake wa Nobel, Banting alisema wazi kwamba insulini haiponyi kisukari, bali inakitibu. Huyu ndiye mtu aliyekuwa na kila sababu ya kujisifu kwamba amemaliza ugonjwa, na hakufanya hivyo. Alijua kwamba Leonard na Elizabeth walikuwa hai kwa sababu sindano ya jana ilifuatwa na ya leo.

Kwa hiyo, mzazi, mwanao ana nguvu kwa sababu ya sindano. Ukiiacha, mjumbe hayupo tena, na hatari inaweza kuja ndani ya saa au siku chache. Wapo watakaokuuzia dawa ya kumaliza kisukari cha mtoto. Wapo watakaokuambia insulini inamzoesha mtoto. Ombea mwanao, mpe lishe bora, lakini sindano isikose. Hata akiumwa homa na kukataa chakula, usisitishe insulini kwa uamuzi wako. Mpime sukari, wasiliana na kliniki, na akitapika au akipumua kwa kasi mpeleke hospitali mara moja.

Kama mwanao hana kisukari, zijue dalili. Mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani akaanza tena, anayekunywa maji kupita kawaida, anayekonda huku anakula, anayechoka bila sababu, apimwe sukari siku hiyohiyo. Maumivu ya tumbo, kutapika, kupumua kwa kina na haraka, au pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva sana ni dalili za hatari. Mara nyingi hali hii hudhaniwa kuwa malaria au maambukizi ya njia ya mkojo. Ukifika zahanati, omba kipimo cha sukari cha kutoboa kidole. Huchukua chini ya dakika moja.

Na kwa anayetunza insulini nyumbani: chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye friji, mbali na sehemu ya kugandisha, kwani insulini iliyoganda haifai tena. Chupa inayotumika inaweza kukaa nje ya friji kwa takribani wiki nne, mahali penye ubaridi na pasipo jua. Soma karatasi iliyo ndani ya boksi lake. Usiye na friji, muulize muuguzi wako kuhusu chungu chenye mchanga uliolowanishwa, ambacho hupunguza joto.

Novemba 14 ikifika, ukiona watu wamepanga foleni ya kupimwa sukari, mweleze mwanao habari za daktari aliyeanza na dola 4 kwa mwezi, na za mvulana wa kilo 30 aliyechomwa sindano Januari 1922. Kisha muulize kama ya leo ameshachoma.